Wodi Tupu ya Nchi ya Shwari

Nchi yetu ya Shwari haina mateja wala wendawazimu. Nalisema hili mapema ili msomaji mgeni asije akanielewa vibaya huko mbele. Rais mwenyewe alilitangaza uwanjani, Siku ya Utulivu, bendi ya magereza ikiwa imesimama nyuma yake: "Kuanzia leo, unga umeshindwa, na wazimu umestaafishwa kwa manufaa ya umma." Tulipiga makofi. Waliokuwa na arosto pale uwanjani, yaani wale waliotetemeka kwa kukosa unga wao wa asubuhi, walipiga makofi kwa kasi kuliko sisi wengine, na televisheni ikawaonyesha kama mfano wa uzalendo.

Tatizo lilikuwa moja dogo. Marafiki zetu wa nje walikuwa wameshatujengea wodi ya kutibu watu hao katika Hospitali Kuu. Wodi nzuri, yenye vitanda vya chuma kipya, feni darini, na kabati lililojaa methadoni, ile dawa ya kunywa inayomtuliza teja ili aweze kuachana na unga bila mwili kumchanika. Serikali haikukosa busara. Iliamua wodi ibaki wazi na ibaki tupu, iwe ushahidi. Mkurugenzi wa hospitali, Bwana Kitwana Salale, alikuwa akiwatembeza wageni kati ya vitanda vilivyotandikwa na kuwaambia kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msikitini, "Mnaona wenyewe. Hakuna hata mmoja."

Kila asubuhi muuguzi wa wodi hiyo, Sista Mashavu, alibadilisha mashuka ambayo hayakulaliwa na mtu.

Sasa, katika mtaa wa Mchangani palikuwa na fundi cherehani aitwaye Sikujua, na mdogo wake, Hamdani. Wazazi wao walikuwa wamekufa, na Sikujua ndiye aliyemlea. Hamdani alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, na alilipenda gari lile. Alilifuta vumbi kabla hajanywa chai. Lakini kwetu Shwari magari ya wagonjwa yana kazi muhimu zaidi kuliko kubeba wagonjwa. Hukaa kwenye msafara wa waheshimiwa, kwa sababu msafara usio na gari la wagonjwa hauna hadhi. Siku moja Hamdani alikuwa kwenye msafara wa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Fungameza, aliyekuwa akienda kuzindua kisima. Kando ya barabara akamwona mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa amelala juu ya mkokoteni, na mumewe amevua shati analipunga juu. Hamdani akashika breki. Afisa wa itifaki aliyekaa pembeni yake akamwambia, "Usivunje mstari." Hamdani hakuvunja mstari. Waliporudi jioni kutoka kisimani mkokoteni ulikuwa palepale, na mwanamke yule alikuwa amefunikwa kanga mpaka usoni.

Baada ya hapo Hamdani hakulala. Alisema akifumba macho anaona shati. Alikwenda zahanati, akaambiwa kukosa usingizi ni dalili ya kuchoka kwa kulitumikia taifa, akapewa cheti cha pongezi. Ndipo rafiki mmoja akampa unga, akalala. Aliamka akitaka kulala tena. Sijui kama nahitaji kueleza yaliyofuata: kazi ikaenda, viatu vikaenda, redio ya dada yake ikaenda, hata pasi ya mkaa aliyoachiwa na mama yao.

Asubuhi moja alikuja akasimama mlangoni kwa Sikujua, amejikunyata kama mtu wa baridi, na jua linawaka.

"Dada," akasema, "nipeleke hospitali leo. Leo nataka. Kesho sijui kama nitataka."

Sikujua aliiacha nguo ya mteja chini ya sindano, wakaondoka.

Hospitalini walikutana na karani wa mapokezi, kijana mwenye tai, mstaarabu sana.

"Mgonjwa anaumwa nini?"

"Unga," akasema Sikujua. "Anataka kuacha."

Karani alimtazama kwa huruma. "Mama, ugonjwa huo hatunao. Chagua mwingine."

"Nichague?"

"Ulio kwenye orodha. Malaria ipo. Kuhara kupo. Kuanguka kutoka juu ya mnazi kupo, ila huyo atatakiwa apande kwanza, sisi hatuandiki uongo."

"Mwanangu, huyu anatetemeka mbele ya macho yako."

"Naona. Malaria hutetemesha. Mimi ningekushauri malaria."

Basi Hamdani akalazwa kwa malaria. Alilazwa kitanda kimoja na mzee mwenye malaria ya kweli, akawa anameza vidonge vya malaria na kuvitapika, mwili unamwuma mifupa kwa mifupa, pua inamchuruzika, hawezi kukaa wala kulala. Daktari wa zamu akaandika kwamba hii ni malaria sugu ya aina yake, akaongeza vidonge. Sikujua alikaa sakafuni, ameishika miguu ya mdogo wake isimpige teke yule mzee. Mzee wa watu hakulalamika. Aliuliza tu, "Huyu kijana alipotelewa na nani?"

Siku hiyohiyo wodi tupu ikapata balaa. Wafadhili walioijenga waliandika kwamba wanakuja kuitazama, na kwamba wangependa kuikuta na wagonjwa.

Mheshimiwa Fungameza aliitisha kikao cha dharura. Yaliyosemwa kikaoni ninayajua kwa sababu yalitangazwa baadaye kama mafanikio. "Ndugu zangu," alisema Waziri, "tumewashinda mateja wetu kwa ushindi mkubwa kiasi kwamba sasa hatuna wa kuwaonyesha. Hii ndiyo gharama ya maendeleo. Lakini taifa lililoweza kuwamaliza mateja haliwezi kushindwa kuwatengeneza." Likakatwa shauri kwamba watumishi wa wizara walale wodini kama wagonjwa, kwa posho ya safari, ingawa wizara iko ng'ambo ya barabara. Ikatokea mvutano kidogo. Naibu mkurugenzi wa mipango alikataa kulala kitanda sawa na makarani, akataka atambulike kama Teja Mwandamizi, na awekwe karibu na feni. Alikubaliwa.

Shida ikabaki kwa daktari mmoja wa wafadhili, ambaye ilisemekana huwapima wagonjwa kwa mikono yake. Ilihitajika angalau mtetemeko mmoja wa kuaminika. Bwana Salale akapita wodi zote akitafuta. Alipofika wodi ya malaria alisimama mbele ya Hamdani, akamtazama kwa muda mrefu kama mnunuzi mbele ya kitambaa.

"Huyu," akasema. "Huyu anatetemeka kwa kiwango cha kimataifa."

Hivyo ndivyo Hamdani alivyopata kitanda katika wodi aliyoiomba tangu mwanzo. Sista Mashavu alimpokea akamwogesha mwenyewe. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, na alikuwa hajagusa mgonjwa tangu wodi ifunguliwe; alipomsugua mgongo, kama Sikujua alivyonisimulia baadaye, machozi yalikuwa yanamtoka lakini mkono haukusita. Akaitwa Daktari Nangu, bingwa aliyesomeshwa nje kwa ajili ya wodi ile, ambaye kwa kukosa wagonjwa alikuwa amepangiwa kutibu uchovu wa viongozi. Daktari Nangu alilifungua kabati, akampimia Hamdani methadoni, akamnywesha, kisha akavuta kiti.

"Ulianza lini kutolala?" akamwuliza.

Hamdani alimtazama dada yake, kwa sababu hakuna mtu wa hospitali aliyewahi kumwuliza swali. Kisha akaeleza. Alieleza msafara, mkokoteni, shati, kanga usoni. Watumishi wa wizara waliokuwa wanafanya mazoezi ya kugumia wakanyamaza mmojammoja.

"Ningesimama," akasema Hamdani. "Breki nilikuwa nimeshaishika."

"Najua," akasema Daktari Nangu.

"Huwezi kujua."

"Sawa, sijui. Lakini nitakaa hapa uniambie tena kesho. Huo ni ugonjwa, Hamdani, na unga ni mwingine juu yake. Tutautibu huu na ule. Si kwa siku moja."

Hamdani aliinamisha kichwa akalia kwa sauti, na Sikujua, aliyekuwa mlangoni, akaenda nje kukaa kwenye ngazi. Baadaye aliniambia kwamba hakuwa na huzuni. Alikuwa anasikia mtu akimwita mdogo wake kwa jina.

Siku chache zile Hamdani alianza kula. Alilala usiku. Kila asubuhi Daktari Nangu alikuja na kiti chake, na yale maneno yakasemwa tena, kila mara yakimkaba kidogo kuliko jana. Wafadhili walifika, wakaenda kitanda kwa kitanda. Teja Mwandamizi aligumia vizuri lakini alisahau kuvua saa ya dhahabu. Daktari wa wafadhili alipomfikia Hamdani alimshika mkono, akamwangalia macho, akasema mgonjwa huyu anaendelea vizuri sana na asikatishwe dawa hata siku moja. Waziri aliitikia kwa kichwa na kuomba maneno hayo yaandikwe kwenye kibao cha marumaru.

Wageni walipoondoka, watumishi wa wizara walivaa suti zao wakarudi ng'ambo ya barabara. Bwana Salale akamwambia Hamdani, "Na wewe pole kwa kazi. Unaweza kwenda."

"Dawa yangu?"

"Umepona, bwana. Umetangazwa redioni."

Sista Mashavu alikuwa anakunja mashuka. Akayaweka chini. Hakuwa mtu wa maneno, na nadhani hata yeye hakujua atasema nini mpaka aliposema. "Mkurugenzi, wodi hii ina wagonjwa?"

"Haina, Sista. Unajua vizuri."

"Basi unaongea na nani?"

Bwana Salale akauona mtego. Akimjibu, atakuwa amekiri kwamba kitandani pana mtu. Akikiri, atakuwa amemkanusha Rais. Alitazama dari. "Feni hizi," akasema, "ni nzuri sana," akatoka. Tangu siku hiyo kila alipopita wodini alizisifu feni, na shingo yake ikazoea.

Hamdani akabaki. Hakuna askari aliyeweza kumtoa mtu ambaye hayupo. Habari zikapita mitaani jinsi habari zinavyopita kwetu, bila kusemwa. Mama mmoja akamleta bintiye kupitia mlango wa dobi. Binti alikuwa anazungumza na watu wasioonekana na alikuwa ameshafungwa kamba na jirani. Akaja mwalimu wa shule aliyejaribu kujinyonga. Wakaja mateja wawili wa gereji, wameshikana wasianguke. Wodi tupu ikajaa. Daktari Nangu alipita na kiti chake kutoka kitanda hadi kitanda, na Sikujua akaleta cherehani, akawa anashona mashuka yaliyochanika. Kwa mara ya kwanza, alisema, alipomtazama mdogo wake asubuhi, hakumhesabia vitu vilivyopotea nyumbani.

Lakini kabati lilikuwa na mwisho. Daktari Nangu aliliona hilo kabla ya wote, akaenda wizarani kuomba dawa. Alirudi mikono mitupu. Sikujua alimwuliza wamesemaje.

"Waziri ameniuliza wodi tupu inakunywaje dawa."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ukweli. Nikamwambia waje waone."

"Na yeye?"

"Amenipandisha cheo."

Kwetu Shwari hiyo ndiyo adhabu ya juu kabisa. Daktari Nangu aliteuliwa kuwa Mwambata wa Afya katika kisiwa cha mpakani, kisiwa kizuri, ambacho kina ndege wa baharini na hakina watu. Walimpa muda wa kukusanya vitabu tu. Aliwaaga wagonjwa wake mmojammoja kwa kuwashika mkono, na alipofika kwa Hamdani alimwambia, "Uliyoniambia mimi, mwambie dada yako. Usiyanyamazie." Gari la serikali lilikuwa linapiga honi nje.

Sista Mashavu akawa anapunguza vipimo ili dawa iwatoshe wote muda mrefu zaidi. Ikafika siku akaipindua chupa ya mwisho juu ya kikombe na kusubiri, na hakuna kilichodondoka.

Siku zilizofuata sitazieleza zote. Mwalimu alikaa macho kwa ajili ya binti wa kamba, na binti alikaa macho kwa ajili ya mwalimu. Mateja wa gereji walianza kupiga ukuta kwa visigino. Hamdani alirudi kutapika, hata maji hayakukaa tumboni, midomo ikapasuka, macho yakazama. Sista Mashavu alikwenda kuomba dripu katika wodi nyingine, wakamwuliza ya mgonjwa gani, akataja jina, wakamwambia huyo alipona redioni. Alipata moja kwa kuiba.

Mchana mmoja Hamdani alimshika dada yake kiganja. "Dada, nakufa," akasema. Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayeagiza chumvi.

Sikujua alitoka. Aliupita mlango wa dobi, akaipita wizara, akaenda mpaka nyuma ya gereji, mahali ambapo kwa miaka yote alikuwa anapapita kwa kugeuza uso. Pale palikuwa na kijana amekaa juu ya tairi.

"Karibu, dada," kijana akasema. "Ni kwa ajili yako au ya mgonjwa?"

"Ya mgonjwa."

"Pole. Ana hali gani?"

Sikujua akamweleza kutapika na macho yaliyozama. Tangu siku ile alipoacha nguo chini ya sindano, katika milango yote aliyoigonga, hapa ndipo alipohudumiwa kwa haraka, kwa heshima, na kwa kuulizwa hali ya mgonjwa. Alitoa hela, akapewa kikaratasi kidogo kilichokunjwa, akakifumba mkononi. Kijana akamwambia, "Akizidiwa, rudi. Sisi tupo kila siku."

Aliporudi wodini alisimama miguuni kwa kitanda. Hamdani aliuona mkono uliofumbwa akajua. Wenye ugonjwa ule hujua.

"Umekwenda mwenyewe?"

"Nimekwenda."

"Kwa yule wa kwenye tairi?"

"Ndiyo."

"Hakukwambia urudi kesho?"

"Hapana. Aliniambia pole."

Hamdani alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Alinyoosha mkono kwa kile kikaratasi. Sikujua hakuurudisha mkono wake nyuma. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba afadhali awe na mdogo wake teja kuliko kaburi lake. Vidole vya Hamdani vikafika juu ya vidole vyake, vikakaa hapo, vinatetemeka.

"Kamwage," akasema.

"Hamdani."

"Dada, kama wewe umefika kule, nani amebaki huku? Kamwage, nikiwa bado naweza kusema hivyo. Upesi."

Sikujua alikwenda kwenye sinki akafungua bomba. Maji yakatiririka, na mkono ukakataa kufumbuka. Alisimama hapo akifikiri kwamba akimwaga na Hamdani akafa, ni yeye aliyemwua. Asipomwaga, ni yeye pia. Sista Mashavu alikuja akasimama kando yake, hakumshika, hakumwambia fanya wala usifanye. Nyuma yao Hamdani alikuwa ameuma shuka. Mwishowe Sikujua alikiweka kikaratasi chini ya maji, kikalainika, kikafumuka, kikaenda na maji.

Walimshika wote wawili, mmoja mabegani, mmoja miguuni, mpaka mwili wake ulipochoka kupigana.

Hamdani hakufa. Mmoja wa mateja wa gereji alikufa, kwa kutapika na kukosa maji mwilini, na mwenzake akaondoka siku hiyohiyo kwenda kwa kijana wa tairi, hakurudi. Hospitali haikutoa gari, kwa kuwa hapakuwa na maiti. Sikujua na Sista Mashavu ndio waliotafuta watu wa kuubeba mwili hadi kwa nduguze. Wiki hiyo Shwari ilipata tuzo ya kimataifa ya wodi safi kuliko zote, na sisi raia tulipewa siku ya mapumziko kwa furaha.

Hamdani alipoweza kutembea, akishika ukuta, alimwomba dada yake ampeleke ng'ambo ya barabara. Walifika lango la wizara, yeye amekonda kama mwiko, suruali imefungwa kwa kamba, Sikujua amemshika kiwiko. Askari wa lango alikuwa mtu mzima, mwenye mvi kidogo, na alikuwa na amri kuhusu watu wa wodi ile.

"Naitwa Hamdani," akasema Hamdani. "Mimi ni teja, nimelazwa wodi ya ng'ambo. Tumebaki wengi mle. Mwenzetu amekufa. Tunaomba dawa na tunaomba daktari wetu arudishwe."

Askari akaangalia juu ya kichwa chake, kule barabarani. "Mimi sijamwona mtu hapa," akasema.

"Sawa. Hujaniona," akasema Hamdani. "Basi nisikie."

Akaanza kumweleza tangu mwanzo, tangu msafara na mkokoteni. Askari aliendelea kuangalia barabarani, lakini hakumfukuza, na hadithi ilipofika pale mwanamke alipofunikwa kanga alivua kofia yake, akaishika kifuani.